Bahari Iliyoletwa kwa Treni

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinikokota hadi duka moja kule Karen, kwenye yale majengo ya maduka ambamo hata vyooni wanakupigia muziki. Alitaka samaki wa kufuga. Nilimwambia samaki hafugwi, samaki hupikwa, akacheka na kunishika mkono tukaingia. Ndani kulikuwa na vioo vingi vya samaki wa maji baridi, wadogo kama kucha, na kule nyuma kabisa kulikuwa na kioo kimoja kikubwa cha maji ya chumvi. Kijana wa duka alifunua kifuniko ili awalishe. Harufu ilinifikia kabla sijajiandaa: chumvi, ubichi, na kitu kama gunia lililolala na maji. Nikatafuta pa kukaa.

"Dani, uko sawa?" mjukuu akauliza, kwa neno la kwetu la bibi. "Nikuletee maji?"

"Maji ndiyo yamenikalisha," nikamjibu, naye akadhani bibi yake anatania.

Sikuwa natania, lakini ningemwelezaje pale, mbele ya kijana wa duka? Watoto wangu mwenyewe sijawahi kuwaeleza. Wao hunijua kama mama asiyependa kwenda Mombasa, basi, na kila Desemba wakipanga safari husema mwacheni, huyo ana mambo yake. Nawaeleza nyinyi wa rika langu, mliokulia Nairobi ile ambayo mtu angeweza kutembea kutoka mjini hadi Westlands bila kugongwa na chochote ila baiskeli. Huenda baadhi yenu mnaikumbuka Nyumba ya Samaki. Haikudumu sana, na siku hizi ukiitaja, watu wanadhani unazungumzia hoteli ya kuuza samaki wa kukaanga.

Ilikuwa chini ya kilima, upande ule mji unapoanza kuelekea magharibi, karibu na mto. Ulikuwa ukitoka kwenye jua kali la barabarani unaingia gizani ghafla, na kwa muda huoni kitu. Unasikia pampu tu zikinguruma nyuma ya ukuta. Halafu macho yanazoea, na matangi yanaanza kujitokeza moja baada ya jingine, kila moja na taa yake, na ndani yake bahari. Samaki wa njano wenye midomo ya kubusu. Mikunga, wale samaki kama nyoka, wakichungulia kwenye mawe. Na mwisho wa ukumbi, tangi kubwa kuliko yote, la kasa. Sisi watoto wa bara tuliwaita kobe, na Mzee Athumani aliyekuwa akiwalisha alikasirika kila mara.

"Kobe ni wa nchi kavu, mwanangu. Huyu ni kasa. Wewe ukiitwa mbuzi utaitika?"

Mzee Athumani alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye kofia safi na maneno mengi. Alizungumza na samaki kuliko alivyozungumza na wageni, akiwagombeza kwa ulafi na kuwauliza hali. Mkubwa wa nyumba ile alikuwa bwana mmoja mpole tuliyemwita Daktari, kwa sababu alitibu kasa. Wavuvi waliokuwa wakiwanasa kwenye nyavu bila kutaka, au waliowakuta wamekatwa na panga la injini ya mashua, waliwapeleka kwa watu wake kule Mombasa, na waliokuwa na hali mbaya waliletwa Nairobi kutibiwa. Wakipona wanarudishwa baharini. Mlangoni palikuwa na meza ya vitu vilivyokamatwa: vitana na bangili za gamba la kasa, matumbawe yaliyovunjwa, makombe makubwa ya baharini ya kupamba sebule. Daktari aliwasimamisha wanafunzi pale akashika kitana kimoja. "Aliyekiuza yuko pwani," alisema, "lakini aliyekinunua yuko hapa mjini kwenu." Watu wazima walitazama viatu vyao. Wengi waliona hayo ni mambo ya Mombasa, na Mombasa ni mbali.

Kwetu haikuwa mbali. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiileta.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na mpaka leo sijapata kumwona mtu mwingine mwenye kazi kama hiyo. Maji ya chumvi hayapatikani Nairobi, na samaki wa bahari hawezi kuishi katika maji ya mfereji. Kwa hiyo baba alikwenda Mombasa na mapipa matupu, akayajaza baharini, akarudi nayo kwa treni ya mizigo. Kama kulikuwa na samaki ndani ya mapipa, hakulala njia nzima. Alikaa nao kwenye behewa akiyakoroga maji kwa mwiko wa ugali ili wapate hewa. Mwiko wenyewe ulikuwa wa mama. Mama alilalamika miaka mingi kwamba ugali wake una ladha ya Mombasa, na baba akamwambia wenye pesa wanalipa nauli kuifuata ladha hiyo.

Tuliishi Kangemi, katika chumba kimoja cha mabati chenye pazia katikati. Wazazi wangu walikuwa wametoka kwetu magharibi, karibu na Ziwa, kutafuta maisha kama wengine wote wa mtaa ule. Baba alipofika kutoka safari nilimrukia kabla hajakaa. Mikono yake ilikuwa na unga mweupe wa chumvi iliyokauka, nami niliuramba, na mama akafoka kwamba mtoto huyu ataota pembe kama ng'ombe wa kizungu. Harufu yake ilikuwa ile ile niliyoikuta Karen. Ilikaa zaidi kwenye koti lake la kazi, koti refu la kaki lililokuwa na kola ngumu aliyopenda kuisimamisha hata kama hakuna baridi. Koti lilitundikwa kwenye msumari karibu na kitanda changu, na mimi nililala nikiinusa bahari ambayo sijawahi kuiona.

Niliwahi kumuuliza kama maji ya kwenye tangi yanajua kwamba hayako tena baharini. Alifikiri sana, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya watoto.

"Bahari haikatiki," akasema. "Hata ukiichota kwa kikombe, ni ile ile tu. Imenyoosha mkono mpaka hapa."

Nilikubali neno hilo lote, bila kubakisha. Mtoto akiambiwa kitu na baba yake hakitii mashaka, anakijengea nyumba.

Kasa mmoja mkubwa alipopona, baba na Mzee Athumani walipewa kazi ya kumrudisha. Waliondoka naye kwa treni, amefunikwa magunia mabichi. Nilimpungia baba pale kituoni, naye akainua mkono juu kabisa, kiganja wazi, kama alivyofanya siku zote, kama mtu anayezuia gari. Hiyo ilikuwa salamu yake. Hakujua kupunga kama watu wengine.

Aliyerudi ni Mzee Athumani. Alikuja Kangemi katika gari la Daktari, na watoto wa mtaa walikimbia nyuma ya gari wakishangilia kwa sababu magari hayakuingia kwetu. Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni. Daktari ndiye aliyezungumza. Alisema walikuwa wametoka na mashua, wakamteremsha kasa, baba akaingia majini kumsukuma asigonge ubavu wa mashua. Mkondo ukamchukua. Walimtafuta wakiwa na wavuvi wa pale, na walikuwa bado wanamtafuta. Mzee Athumani, yule mwenye maneno mengi, hakusema hata moja. Alisimama na koti la baba mikononi, limekunjwa vizuri kama nguo iliyotoka kwa dobi, kwa sababu baba alikuwa amelivua kabla ya kuingia majini. Mama alilipokea. Hakulia. Aliuliza tu, "Alikuwa anajua kuogelea. Hamkuwaambia wanaomtafuta ni mtu wa ziwa?"

Nadhani hilo ndilo lililokuwa gumu kwa watu wetu kulimeza. Wanaume wa kwetu huogelea kabla hawajajua kuhesabu. Majirani walikuja kukaa nasi na wote walisema hivyo hivyo, kwamba mtu wa ziwa hafi maji, labda ameokotwa, labda yuko kisiwani. Nami nilikuwa chini ya meza nikisikiliza, nikihifadhi kila labda.

Hawakumpata. Hatimaye jamaa za baba walituma neno kwamba haifai kungoja zaidi, tukasafiri kwenda nyumbani kumzika. Sasa hapa ndipo akili yangu ya utoto iliposhika njia yake. Kwetu, mtu akipotea asionekane, hasa aliyechukuliwa na maji, huzikwa tunda badala yake. Ni tunda la mti tunaouita yago, refu kama mkono wa mtu mzima, zito, la rangi ya kijivu, linaning'inia kwa kamba yake mtini. Wazee walilikata kule mtoni wakalileta nyumbani kwa heshima zote, wakalivika shuka la baba na kulilaza sandukuni. Watu walilia. Wajomba zangu wakubwa wenye ndevu walilia kwa sauti mbele ya tunda. Nilimuuliza nyanya, mama yake baba, kwa nini.

"Huyo ndiye baba yako sasa," akaniambia, akinifuta kamasi kwa upindo wa leso yake. "Tusipomzika atakuwa anatangatanga huko majini, hana pa kulala."

Nilitazama lile tunda likifunikwa udongo. Nilikuwa mtoto wa Nairobi, nimefundishwa shuleni kwamba kitu ni kile kilicho, na niliona wazi kwamba aliyekuwa mle ndani hakuwa baba. Basi kama tunda ndilo lililolazwa, baba alikuwa bado anatangatanga. Nyanya mwenyewe alikuwa amenitajia mahali.

Mama alinyolewa nywele zote, kama mjane wa kwetu anavyonyolewa. Kisha akavishwa koti la baba. Hiyo nayo ni desturi, au ilikuwa: mke huvaa nguo ya mumewe muda wote wa matanga, mpaka wazee wamruhusu kuivua. Wanawake wengine walivaa shati, wengine kofia. Mama alivaa lile koti refu la kaki, na kwa kuwa alikuwa mrefu, lilimkaa. Tulirudi Nairobi naye akiwa nalo, na abiria kwenye basi walimkazia macho.

Daktari alimpa kazi. Alisema ni ya muda, lakini nadhani alitaka tu tusilale njaa. Mama akawa anapiga deki na kusafisha vioo katika Nyumba ya Samaki, na kwa sababu Kangemi hakukuwa na wa kuniangalia, nilitoka shule nikaenda moja kwa moja kumngoja pale. Hapo awali nilikuwa nikiingia mle kama mtoto wa mfalme. Sasa niliingia kama mtu aliye na shughuli.

Shughuli yangu ilikuwa kumngoja baba. Maji yalikuwa yanaendelea kuja. Mtu mwingine alikuwa akiyaleta, mtu mnene asiyesalimia, lakini mapipa yalikuwa yale yale, na maji yalichotwa kule kule. Bahari haikatiki. Kama baba anatangatanga ndani yake, na bahari imenyoosha mkono mpaka Nairobi, kilichobaki ni yeye kuifuata njia aliyoizoea. Kila mara mapipa yalipomiminwa nilisimama karibu na kutazama. Sikuwaza kwamba atatoka kwenye bomba kama samaki. Sikuwa mjinga. Nilidhani atakuja kidogo kidogo, maji baada ya maji, mpaka atimie.

Mzee Athumani alinikuta nikifanya hivyo. Alikuwa amebadilika. Hakuwa akizungumza tena na samaki, aliwatupia chakula na kuondoka, na akimwona mama na lile koti alipita upande wa pili wa ukumbi. Nikajiambia anajua kitu anachonificha.

"Mwanangu, unatafuta nini humo?"

"Kuna mtu namngojea."

Alinitazama, akaiokota ndoo yake ya dagaa. Halafu akaenda zake. Mtu mzima yeyote angenicheka au angenifukuza. Yeye alikimbia, na kukimbia kwake kulinithibitishia.

Siku niliyomwona ilikuwa jioni, wakati wa kufunga. Desturi ya pale ilikuwa kwamba taa ya tangi la kasa inazimwa mapema, kasa apumzike. Wageni wakishatoka, mama alifungua madirisha ya mbao upande wa ukuta ili unyevu utoke, na jua la machweo likaingia kwa pembeni. Tangini alikuwa amebaki kasa mmoja, mdogo, mwenye kikono kilichokatwa nusu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, hatua chache, nikimtazama akizunguka kwa kuchechemea kwake. Maji yalikuwa meusi. Na ndani ya maji, nyuma kabisa, alikuwa amesimama baba.

Nilimjua papo hapo. Koti lile, kola imesimama, kichwa kilichonyolewa karibu na ngozi kama alivyopenda mwenyewe. Uso haukuonekana vizuri, lakini nani anahitaji uso wa baba yake ili amjue? Kasa alipita mbele ya tumbo lake akamfunika kidogo, akapita, na baba alikuwa bado yupo. Nilijiona pia, naomba mnielewe. Niliona sura yangu na sare yangu ya shule kwenye kioo, karibu, ile picha ya kawaida ambayo kila mtoto anaijua. Lakini yeye hakuwa karibu. Alikuwa mbali, ndani, katikati ya maji yake.

"Baba," nikaita, kwa sauti ya chini.

Aliinua mkono. Juu kabisa, kiganja wazi.

Sikukimbia wala sikugeuka. Niliogopa, na katika ule woga nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena maishani, hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu anisamehe. Halafu wingu likafunika jua, maji yakafifia, akatoweka. Nilisikia ndoo ya mama ikiwekwa sakafuni. Tulifunga, tukapanda basi, tukala viazi, na sikumwambia neno.

Baada ya hapo alikuja jioni nyingi. Sio zote. Siku za mvua hakuja, nami nililala vibaya. Alipokuja nilimweleza mambo: kwamba mwalimu amenisifu, kwamba mama hali vizuri, kwamba kule nyumbani wamezika tunda na asikasirike. Hakujibu kwa maneno. Nilipomwita tu ndipo aliinua mkono. Nilianza kumwona hata nisipokuwa pale, kwenye dirisha la basi, kwenye beseni la kuogea, na nikiamka asubuhi niliutazama msumari karibu na kitanda, nikaona hauna kitu, na nikaridhika kwamba ameshavaa ametoka. Nilikonda. Mwalimu alimuuliza mama kama ninaumwa. Mama alinishika paji la uso, akaniangalia sana, akasema tu, "Nyathina, mtoto wangu, jaribu kukula."

Ndipo Daktari akatangaza kwamba kasa mdogo amepona vya kutosha. Atarudishwa baharini, na kwa kuwa tangi litakuwa tupu, maji yake yote yatamwagwa ili lisafishwe na kupakwa rangi.

"Yatamwagwa wapi?" nikauliza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, na wote waligeuka.

"Kwenye mfereji," akasema yule mtu mnene wa mapipa. "Yanaenda mto. Kwani ulitaka kuoga?"

Mto Nairobi mliujua. Hata enzi zile haukuwa mahali pa kumpeleka mtu. Niliona baba akisukumwa kwenye lile bomba, akipita chini ya barabara pamoja na taka za mji, akienda kusikokuwa na reli wala treni ya kumrudisha. Sikulala. Asubuhi nilikataa kwenda shule, nikasema tumbo linauma, na mama akanichukua kazini.

Walianza kwa kumtoa kasa. Waliinua sanduku lake, wakamfunika magunia mabichi, na ile harufu ikajaa ukumbini. Madirisha yote yalikuwa wazi. Yule mtu mnene akashika gurudumu la chuma la kufungulia maji, akalizungusha, na sauti ikaanza chini ya sakafu, sauti ya kufyonza. Maji yakaanza kushuka.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nikiwa nimelikumbatia lile gurudumu, chuma baridi kifuani, na mtu mnene akinivuta mguu.

"Msimmwage baba! Yumo! Msimmwage!"

Daktari alisema kitu, hakuna aliyemsikiliza. Mzee Athumani aliiacha ndoo yake, akaja akapiga magoti pale penye maji machafu, kanzu na yote, akaniondoa vidole kimoja kimoja.

"Hayumo, mwanangu. Babako hayumo humu."

"Yumo. Wewe unajua. Ndiyo maana unakimbia."

Hapo akashindwa kujizuia. Alilia kama mtoto mwenzangu, mbele ya kila mtu. "Nilimshika," akasema. "Nilimshika mkono, wallahi nilimshika. Mashua ilitaka kupinduka, naye anazidi kwenda, na mimi navutwa. Nikamwachia. Mimi ndiye niliyemwachia. Babako amekufa, mwanangu. Nimemwona akizama kwa macho yangu haya."

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Waliniambia amepotea, amechukuliwa, hajaonekana, amezikwa. Hakuna aliyekuwa amesema amemwona.

"Muongo," nikamwambia, na nikageukia kioo kuonyesha kwamba ni muongo.

Maji yalikuwa yameshuka chini ya nusu. Baba alikuwa amesimama pale pale, mzima, koti kavu. Hakuzama wala hakuelea wala hakushuka pamoja na maji. Yaliendelea kwenda, yakafika magotini pake, yakafika miguuni, na nyuma yake nikauona ukuta wa tangi, wa kijani kwa ukungu, ukionekana kupitia kifuani mwake.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, kola imesimama, fagio mkononi.

Hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama Mzee Athumani aliyekuwa bado chini. "Simama, mzee," akamwambia, kwa Kiswahili chake kile cha Kangemi. "Hiyo maji ni chafu. Ungekataa kumwachia, Daktari angeniletea koti mbili."

"Mama," nikasema. "Alikuwa ananiinulia mkono."

"Ni mimi."

"Nilimwita. Akainua mkono."

"Najua. Nilikuwa hapa nyuma." Sauti yake ilikuwa inakwaruza, na ndipo nikaona kwamba mama alikuwa analia, yeye ambaye hakulia mlangoni kwetu wala pale kaburini. "Siku ya kwanza nilishtuka, nikafikiria ni yeye. Halafu nikajua ni koti. Lakini wewe uliita 'Baba.' Niliona vibaya uite na hakuna mtu wa kukuitikia."

Aliweka fagio chini. Akafungua vifungo, kimoja kimoja, kwa shida kwa sababu vilikuwa vigumu, akalivua koti pale pale ukumbini. Hakuwa na ruhusa. Jamaa za baba walikuja kumgombeza kwa jambo hilo baadaye, wakasema amevunja matanga, na miaka mingi hatukusalimiana nao vizuri. Chini ya koti alikuwa na gauni la maua ya samawati nililokuwa nimesahau kwamba analo. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Alilikunja koti, akampa Mzee Athumani alishike, kwa kuwa hakukuwa na mahali pakavu pa kuliweka, akaja akasimama kando yangu.

Bomba chini ya sakafu lilikoroma likanyamaza. Tangi lilikuwa tupu. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke mwenye gauni la maua na mtoto mwenye kamasi, na nyuma yao ukuta.

"Baba," nikaita. Nikainua mkono, juu kabisa, kiganja wazi. Mama hakuinua wake. Nilingoja. Mle ndani ya kioo, aliyekuwa ameinua mkono ni yule msichana peke yake.